Mlima unapandwa kila Jumamosi, lakini hakuna awezaye kuupanda upya
Barua ya wazi kuhusu tumbusi wa Ololokwe

Kwa Waziri wa Utalii na Wanyamapori. Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Gavana wa Kaunti ya Samburu. Na wasimamizi wa hifadhi za jamii zinazouzunguka mlima

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwongoza watalii. Kazi yangu ni kuwapandisha watu Ololokwe, jabali lile lenye kichwa bapa ambalo msafiri wa barabara ya Isiolo kwenda Moyale huliona mbele yake muda mrefu kabla hajalifikia. Sisi Wasamburu tunaliita Sabache. Kilele chake kiko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Juu kuna msitu, ndovu hufika huko, na wazee wetu hupanda kuomba. Chini ni nchi ya vumbi na migunga, jua kali na mvua ya kubahatisha. Kati ya juu na chini upo ukuta wa mwamba, na barua hii ni ya ukuta huo.

Ukisimama barabarani utaona mwamba umechorwa michirizi myeupe, kama mtu aliyepaka chokaa akachoka akaacha ndoo ikamwagika. Karibu kila mgeni huniuliza ni nini kile. Wengine hudhani ni chumvi, wengine hudhani ni maji yaliyokauka. Nikimwambia ni mavi ya ndege, hucheka. Nikimpa darubini, hunyamaza. Kila mchirizi una kibaraza juu yake, na juu ya kibaraza ndipo huketi tumbusi wa Rüppell, shingo ndani ya mabega kama mzee aliyejifunika shuka asubuhi ya baridi.

Mtakaposikia neno tumbusi, naomba msikimbilie kuziba pua. Najua siku hizi kila mla rushwa anaitwa tumbusi kwenye mikutano ya hadhara. Ni kumsingizia ndege huyu. Yeye anaishi kwa mizoga. Hangoji mtu alale ili amwibie. Ana uzito wa kilo saba hadi tisa, mabawa yake yakinyooshwa hukaribia mita mbili na nusu, manyoya yake yana kingo nyeupe zinazomfanya aonekane ana magamba, na mdomo wa aliyekomaa una rangi ya pembe. Mwaka 1973 mmoja wao aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, kwenye kimo cha mita 11,300. Hakuna ndege mwingine aliyewahi kurekodiwa juu kiasi hicho.

Ndege wa namna hiyo ana shida moja ambayo watu hawaifikirii: ni mzito. Kuruka kutoka ardhi tambarare ni kazi kwake. Mimi nimemwona akikimbia hatua kadhaa kwenye mchanga, gole limejaa nyama, akipiga mabawa kama mtu anayekung'uta mkeka. Ukutani hahitaji hayo. Asubuhi mwamba ukiwa baridi, hatoki. Huketi. Saa mbili bado ameketi. Ikifika saa tatu, saa tatu na nusu, jua limeshalipasha jabali moto, hewa inaanza kupanda ikiambaa uso wa mwamba, na hapo mmoja hufungua mabawa akajiachia tu. Haanguki. Anainuliwa. Baada ya dakika chache wako juu ya kilele bila kupiga bawa hata mara moja, kisha wanatawanyika pande zote kutafuta mizoga, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa mbali. Akishuka mmoja, jirani yake humwona na kumfuata, na jirani wa jirani naye hivyo hivyo.

Ukuta huo ndio pia nyumba ya uzazi. Chui hafiki, nyani hafiki isipokuwa mwenye kichaa, na mtoto wa binadamu mwenye jiwe mkononi hafiki. Jike hutaga yai moja tu kwa msimu. Wazazi hulalia kwa zamu siku zipatazo 55. Kinda likitoka hukaa kibarazani kama miezi mitano kabla ya kuruka. Jumlisha: karibu miezi saba kibarazani kwa mtoto mmoja, na mtoto huyo akiruka bado ana miaka kadhaa kabla naye hajawa mzazi. Kuku wa mama yangu angewacheka.

Tumbusi wengine wanaoishi nchi hii, kama yule mwenye mgongo mweupe, hujenga juu ya miti. Mgunga ukikatwa ni hasara, lakini mgunga hupandwa, na baada ya miaka ndege hurudi. Lugha yetu ya Kiswahili inanisaidia hapa kuliko ninavyoweza kueleza kwa njia nyingine: Ololokwe unapandwa kila Jumamosi, kwa buti na fimbo na chupa za maji, lakini haupandwi. Hakuna mbegu ya jabali. Nchi yote hii kavu mnayoiona ina miamba mingi, ila miamba mirefu, yenye vibaraza vya upana unaofaa, na iliyo karibu na mahali penye mifugo na wanyamapori wa kutosha, unaweza kuihesabu. Makundi yanayojulikana ya tumbusi hawa hapa Kenya yako kwenye kuta chache tu: Hell's Gate kule Naivasha, Kwenia kule Kajiado, na huku kwetu. Wakifukuzwa hapa hawaendi tu jirani.

Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Kuhifadhi Mazingira, IUCN, lilimweka tumbusi wa Rüppell kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Daraja hilo ndilo la kifaru mweusi. Mwaka huohuo vifaru weusi waliletwa hifadhi ya Sera, ndani ya kaunti hii hii yetu, wakawekewa uzio na askari wanaolinda usiku na mchana. Sina kinyongo na kifaru. Kijana wa shangazi yangu analipwa mshahara kwa kumlinda. Lakini hao wawili wako daraja moja. Mmoja ana askari wenye bunduki na redio, na mwingine hana hata kibao kinachosema "usipige kelele".

Utafiti uliochapishwa 2016 ulikadiria kwamba tumbusi huyu amepungua barani Afrika kwa asilimia 97 katika vizazi vyake vitatu. Mimi sina mizani ya kupima bara zima. Ninachojua ni kwamba babu yangu alikuwa akichinja dume la sherehe huku vijana wawili wakikaa tayari na fimbo, kazi yao kufukuza tumbusi. Mwaka huu tulichinja kwenye arusi ya dada yangu na hakuna aliyebeba fimbo.

Sasa nikiri kosa langu, maana sitaki kuandika kama malaika.

Kwa miaka mingi mahali nilipowapeleka wageni kupiga picha ni ukingoni, juu kabisa ya vibaraza. Picha ya pale inauza. Mtu anakaa, miguu inaning'inia, nyuma yake nchi yote ya Samburu hadi milima ya Mathews. Tunaimba, tunawasha moto, tunapiga muziki kwa spika ndogo. Mwaka jana kundi la watu kumi na wanne lilikuja na kampuni ambayo sitaitaja, na mmoja wao alikuwa na droni. Ilikuwa kama saa saba mchana. Aliirusha nje ya ukingo akaishusha usawa wa ukuta.

Ndege walitoka wote kwa pamoja. Sauti ilikuwa kama turubai kubwa linalochanwa. Wageni walipiga makofi, kwa sababu kweli ilikuwa inapendeza, mabawa yale yote kwa mara moja. Mimi nililala kifudifudi nikachungulia kwa darubini. Kwenye kibaraza cha chini yetu upande wa kushoto kulikuwa na kinda lenye manyoya kama pamba, limefungua mdomo, linahema. Muda huo wa mchana huwezi kuweka kiganja juu ya jabali lile ukahesabu hadi kumi. Kivuli pekee cha kinda ni mwili wa mama yake, na mama alikuwa angani akizunguka, anaogopa kile kitu kinachovuma. Kibaraza kingine, mbali kidogo, kunguru wawili waliingia. Sikuona walichokula. Niliona wakitoka, midomo inang'aa ute.

Droni ilirushwa mara tatu. Baada ya ile ya kwanza nilisema tuache. Mteja akanipa shilingi elfu mbili. Niliichukua ile elfu mbili, waheshimiwa, na nilikuwa na sababu zangu, lakini niliichukua.

Siku chache baadaye nilikwenda kuuliza ni nani mwenye amri juu ya ukingo ule. Ofisi ya kwanza iliniambia mlima uko kwenye ardhi ya jamii, niwaone watu wa jamii. Ofisi ya pili iliniambia wanyamapori wote ni mali ya serikali, niwaone wa serikali. Nikarudi nyumbani na jibu langu mwenyewe: ndege ni wa serikali, ukuta ni wa jamii, na ukingo ni wa yeyote aliyelipa kiingilio.

Sheria ipo, tena nzito. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ilipotungwa iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo cha maisha, kwa makosa yanayohusu spishi zilizo hatarini. Lakini sheria hiyo inamngoja mtu aliyeshikwa na ndege aliyekufa mkononi. Aliyemfukuza mama saa saba mchana, kinda likafa kwa jua, hana mzoga wa kushikwa nao. Mkimleta mahakamani atasema alikuwa anapiga picha, na atakuwa anasema kweli.

Mgeni wangu mmoja, mpanda miamba kutoka jimbo la Utah huko Marekani, alinisimulia wanavyofanya kwenye mbuga ya Zion, nchi ya jangwa na kuta nyekundu. Kuna kozi wanaotaga ukutani. Kila mwaka kuanzia mwanzo wa Machi, kuta wanazojulikana kutaga hufungwa kwa wapandaji. Wataalamu huangalia, ukuta ambao mwaka huo hauna kiota hufunguliwa mapema, wenye viota hubaki umefungwa hadi makinda yaruke. Wapandaji hununa kidogo, kisha huenda ukuta mwingine. Nilimuuliza kama biashara haikufa. Alicheka.

Kwa hiyo ninachoomba si kuufunga mlima. Mkiufunga, mimi na wenzangu tutakula nini, na tukikosa cha kula ni nani atakayeupenda mlima? Naomba ukingo. Sehemu ya juu ya vibaraza, tuseme mita 200 kutoka kwenye ukingo, isikanyagwe na mtu miezi ya viota, na mahema yahamishwe ndani, upande wa msitu, ambako hata upepo si mkali. Picha zipigwe upande mwingine. Mlima una pande nyingi na machweo hayachagui. Droni ikatazwe mwaka mzima isipokuwa kwa kibali cha anayehesabu ndege. Tarehe za kufunga zisitoke Nairobi kwa waraka. Zitoke kwa sisi tunaoutazama ukuta kila siku pamoja na wataalamu wa KWS na wa Makumbusho ya Taifa, na zibadilike mwaka hadi mwaka kama ndege watakavyotuonyesha. Tupeni darubini moja nzuri na daftari, tutahesabu mara moja kwa mwezi tukiwa barabarani, bila hata kupanda. Waongoza watalii wenyewe tuwe walinzi, na sheria ndogo za kaunti zitupe nguvu ya kumwambia mteja hapana, ili asiweze kuninunua kwa elfu mbili. Hapo nasema kwa niaba ya udhaifu wangu mwenyewe.

Ukuta ukilindwa na nchi inayouzunguka ikaachwa, tutakuwa tumefunga mlango dirisha likiwa wazi. Tumbusi anayelala Ololokwe hula mbali sana. Wengine wa aina yake waliofungwa vifaa vya setilaiti wameonekana wakivuka mipaka ya nchi kana kwamba hawajawahi kusikia habari za uhamiaji. Na kinachomuua huko zaidi ni sumu.

Shemeji yangu alipoteza ng'ombe watatu kwa simba, usiku mmoja, umbali wa mwendo wa saa mbili kutoka mlimani. Alijaza fomu ya fidia. Aliambatanisha picha. Aliambiwa asubiri, na mpaka leo ninapoandika anasubiri. Ndama wa mwaka ule sasa naye ni mama. Shemeji yangu ni mtu mpole, hakutia sumu. Lakini namjua mwingine asiye mpole, na ninyi mnawajua wengi. Dawa ya wadudu inayomiminwa kwenye mzoga humlenga simba au fisi, naye simba pengine hata hapiti usiku huo. Asubuhi tumbusi wa kwanza anashuka, wa pili anamwona, wa tatu anamwona wa pili, na ile akili yao ya kutazamana niliyoieleza huko juu ndiyo inayowamaliza. Mwaka 2009 mtengenezaji wa Furadan aliiondoa dawa hiyo kwenye soko la Kenya baada ya kelele kuhusu simba waliouawa nayo. Kichupa kimoja kikiondoka, kingine huja na jina jipya. Fidia inayolipwa kwa wakati inalinda tumbusi kuliko semina kumi. Na kila tumbusi mzazi anayekufa kwenye mzoga ule ameacha kinda kibarazani ambalo mzazi aliyebaki hawezi kulilisha na kulifunika kwa wakati mmoja.

Pia kuna umeme. Sitaki kusikika kama mtu anayepinga umeme. Simu ninayoandikia barua hii huchajiwa kwa huohuo. Kaskazini yetu, huko Loiyangalani, kuna mitambo ya upepo 365 iliyozinduliwa 2019, na nyaya zake hupita kaunti yetu kwenda Suswa. Nyaya za umeme kutoka Ethiopia nazo zimepita. Mnapanga barabara, mabomba, miji. Mimi naomba kitu kidogo. Katika kila tathmini ya athari kwa mazingira itakayofika mezani kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa ajili ya Samburu, Isiolo na Marsabit, ukuta wenye viota uandikwe kwa jina kwenye ramani, kama mnavyoandika shule na zahanati. Nguzo fupi za kusambaza umeme vijijini ndizo mbaya zaidi, maana ndege mwenye mabawa mapana akitua hugusa nyaya mbili na kuungua hapohapo. Kutenganisha nyaya au kuzifunika wakati wa kujenga ni gharama ndogo. Kurudi baadaye kuzifunika ni mradi mwingine na zabuni nyingine. Na kuwa inawezekana, mnajua. Kule Kajiado, mitambo 60 ya upepo ya Kipeto ina watu wanaokaa na darubini wakitazama anga, na tumbusi anapokaribia wanazima mtambo hadi apite. Vijana wa Kimaasai wamepata ajira kwa kuangalia juu. Vijana wetu hapa huangalia juu bure.

Mkiuliza faida, nitawapa ya karibu. Laikipia, majirani zetu, watafiti waliweka mizoga mingine mahali tumbusi wanafika na mingine mahali hawafiki. Isiyofikiwa ilichukua karibu mara tatu ya muda kuoza na kuisha, na wanyama wengine waliizingira wakigusana, hali inayoongeza hatari ya kuambukizana walichonacho. Nchini India tumbusi walikufa kwa mamilioni miaka ya 1990 kwa sababu ya dawa ya maumivu waliyotibiwa nayo ng'ombe, na uchunguzi uliochapishwa 2024 ulikadiria kwamba watu wapatao nusu milioni walikufa ndani ya miaka mitano kwa sababu ya uchafu, mbwa koko na magonjwa yaliyofuata. Huku kwetu ukame ukija ng'ombe hufa mamia kwa mamia kandokando ya visima. Mwulizeni daktari wa mifugo yeyote wa kaunti kama ana bajeti ya kuzika hata robo yao.

Nimeandika marefu. Ombi langu la mwisho ni dogo: njooni mwone. Msije Jumamosi, siku hiyo kuna watu wengi. Njooni siku ya katikati ya wiki, msipande, msimame tu kando ya barabara upande wa ukuta, mfike kabla ya saa tatu asubuhi kwa sababu wao hawasubiri msafara. Nitakuwepo na darubini mbili. Moja ina kioo kilichopasuka. Hiyo nitaitumia mimi.

Wenu kwa heshima,
Mwongoza watalii, Ololokwe